Matone ya Usingizi wa Mama Riziki

Nimekabidhi funguo za duka, na lile koti la kijani lenye mfuko uliotoboka, na sasa asubuhi zangu hazina kazi. Naamka mapema vilevile, maana mwili bado haujapata taarifa. Nakaa dirishani na kikombe cha chai nikitazama mabasi yanavyopita taratibu kwenye ukungu, taa za ndani bado zinawaka, abiria wameegemeza vichwa kwenye vioo. Hapo ndipo nawakumbuka ninyi mliobaki nyuma ya kaunta pale Peckham. Siku ya keki ya kuniaga mliniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Habari za mshahara na vyeo siandiki. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili tu, mwenye duka na asiye na duka. Nitaandika habari za watu waliokuja kwetu kutafuta usingizi, na hasa mmoja wao, kwa sababu usingizi wake ulinikaa moyoni na mpaka leo sijajua niuweke wapi.

Siku yangu ya kwanza ilinyesha ile mvua ya London ambayo hainyeshi wala haiachi. Nilikuwa nimefanya usafi wa ofisi miaka mingi, mgongo ukagoma, na mtu akaniambia kuna Mhindi wa Kenya anauza mitishamba nyuma ya barabara kuu, anatafuta msaidizi. Kumbe Mzee Harjit hakupenda kuitwa Mhindi wala Mwingereza. Alijiita mtu wa Nakuru. Alizaliwa huko, akakulia katika duka la baba yake, na kila siku alikuja kazini kwa treni kutoka Southall, kilemba chake cha zambarau kimefungwa vizuri kuliko kitanda cha hoteli. Aliposikia natoka Tabora aliacha Kiingereza palepale, na hatukukirudia ila akiingia mteja wa kukihitaji.

Hakunipa maelekezo yoyote. Alinisimamisha mbele ya ule ukuta wa droo mnaoujua, akaniambia nifumbe macho. Kisha akawa anavuta droo mojamoja na kuniwekea kitu chini ya pua: mdalasini, mchaichai, tangawizi kavu, habasoda, na majani mengine ya huku kwenye baridi ambayo kwetu hayana jina. Nilisimama hivyo hivyo, harufu zikaja na kupita, nikawa niko jikoni kwa bibi yangu, kisha niko hospitali, kisha sijui niko wapi. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa imekatika na asubuhi imekwenda. Akasema nimeajiriwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na mizani ya shaba ambayo Mzee Harjit aliipangusa kila siku kabla hata ya kuvua koti, kijiko cha mbao cha kuchotea, mashine ya kubandikia bei iliyokwama kila Jumatatu, na ile ngazi. Daraja la juu la ngazi limelegea. Nimewaambia mara nyingi, na sasa nawaambia kwa maandishi ili akianguka mtu isisemekane sikusema.

Tulifungua mapema kuliko majirani zetu wote, na hilo lilikuwa wazo la mzee. Watu wetu hasa walikuwa wale wanaorudi kutoka kazi za usiku: wasafishaji, watunza wazee, walinzi wa maghala. Waliingia wakitembea polepole kama watu walio ndani ya maji, wakasimama mbele ya rafu wamesahau walichofuata. Jua likipata nafasi lilipita kwenye chupa za kahawia za dirishani, na duka zima likawa na rangi ya asali. Kuna asubuhi nilidhani sote tunaota ndoto moja, na kwamba akitokea mtu wa kupiga kelele tutaamka kila mmoja nchini kwake. Wateja hao hawakuuliza vitamini. Walitaka kitu cha kuwalaza mchana, wakati jirani anapiga muziki na watoto wanatoka shule.

Miaka ya mwanzo tuliwapa kamomili na mchaichai. Kisha yakaja mafuta ya CBD, kwenye boksi dogo, chupa nyembamba zenye kidude cha mpira cha kunyonyea na kudondoshea. Kwa kuwa yalitiwa chini ya ulimi tone kwa tone, wateja wetu wakayaita matone. Mmea wenyewe ni ndugu wa bangi, baba mmoja mama mmoja, ila huu umefugwa usilevye. Nilipoambiwa hivyo niliiweka chupa chini na kwenda kunawa mikono. Mzee Harjit alicheka mpaka kilemba kikasogea. Nilimwambia kwetu mtu akikutwa na jani hilo haulizwi limefugwa au halikufugwa. Ilinichukua muda kuzoea kwamba kitu kilekile, katika nchi hii, ukikishika upande mmoja ni jela na ukikishika upande mwingine ni chakula.

Mwanzoni mambo yalikuwa holela. Kila kiwanda kiliandika kilichojisikia, na lebo ziliahidi kuondoa maumivu, huzuni na kipara. Kisha serikali ikaamka. Kwanza ikasema haya si dawa, na asiye na kibali cha dawa asitamke kwamba yanatibu kitu chochote. Mzee Harjit akanikalisha chini.

"Sikiza, Zuhura," alisema. "Hii si dawa tunauza. Ni chakula yenye iko kwa chupa. Customer akiuliza kama inasaidia goti, wewe hujui goti."

"Na akiniuliza kama inalaza?"

"Hujui kulala pia."

Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, nanyi mmeshaanza kuiona. Kwetu mtu akikuambia anaumwa huwezi kumtazama tu. Unampa pole, unamuuliza wapi, tangu lini, amekula nini. Ilibidi nijifunze kutoa pole na kunyamaza papo hapo, na midomo yangu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Nikajifunza pia swali moja ambalo sheria haikulikataza, na msiliache hata foleni ikifika mlangoni: unatumia dawa gani nyingine? Matone hayapatani na kila dawa ya hospitali. Mtu akitaja ya kuyeyusha damu, au ya kifafa, mrudisheni kwa daktari wake hata akinuna.

Baadaye ikaja zamu ya chai. Tulikuwa tunauza maua makavu ya mmea huo, ya kuchemsha. Kumbe mbegu zake ruhusa, ua marufuku, na sasa serikali ikaanza kulifuatilia. Tukayaondoa. Mzee mmoja, mteja wetu wa chai wa siku zote, alisimama mbele ya rafu tupu, kofia mkononi, akauliza ua limefanya kosa gani. Tulimpa kamomili, akaondoka nayo kama mtu aliyepewa mbwa mwingine baada ya wake kufa.

Halafu wakasema mafuta yenyewe ni chakula kipya, ambacho babu zao hawakukila, kwa hiyo kila mtengenezaji apeleke ushahidi wake, na asiyepeleka bidhaa yake itoke madukani. Rafu ikawa na mapengo. Halafu ushauri wa kiasi cha kutumia kwa siku ukashushwa sana, viwanda vikapunguza nguvu, wateja wakaja kulalamika kwamba matone yamechoka. Maduka ya jirani yaliyouza matone peke yake yalifungwa; moja sasa ni la kucha, jingine la simu. Sisi tulinusurika kwa sababu ya zile droo za mitishamba.

Ni katika msimu huo wa mapengo alipoingia Mama Riziki. Alikuwa mtu wa Uvira, kule Kongo, msafishaji wa ofisi kama nilivyokuwa mimi, mwanamke mnene wa sauti ndogo. Alifika akanishika mkono juu ya kaunta kabla ya kuniamkia, akaniambia kwamba halali. Huko kwao watu walikuja kugonga mlango wao akiwa amelala fofofo, na alipoamka baadhi ya watu wa nyumbani hawakuwepo tena. Tangu hapo mwili wake uliuhesabu usingizi kuwa ni kosa. Alisinzia tu, kwenye basi, kwenye foleni, akiegemea ufagio. Msimamizi wake alikuwa ameshamwonya. Lakini kilichomtisha si kazi. Alisema asiyelala haoti, na yeye waliompotea alikuwa akiwaona ndotoni tu. Hakuwa na picha zao. Sura zilikuwa zinaanza kumtoroka, na ya mwanawe wa kiume ilikuwa ya kwanza.

Nilimuuliza lile swali langu. Hakuwa na dawa yoyote. Vidonge vya daktari vilimlaza bila ndoto na akaviacha zamani. Nikamwambia hiki ni chakula cha nyongeza, na kwamba kuhusu kulala mimi sijui kitu. Alitazama rafu kwa muda mrefu, akachagua chupa yenye picha ya mwezi, kwa sababu ya mwezi.

Aliporudi sikumtambua. Uso ulikuwa umetulia, umekuwa mdogo, kama wa binti aliyetoka kuoga.

"Dada, nimelala," alisema. "Jirani amegonga mulango, miye sikusikia."

Akaniambia amemwona mwanawe. Amekuwa mkubwa, ana ndevu, anacheka. Nililia palepale nyuma ya mizani, na Mzee Harjit akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta mpaka tulipomaliza. Kwa miezi mingi baada ya hapo Mama Riziki alipita kila asubuhi akitoka kazini, akaketi kwenye kile kigoda karibu na dirisha, akatusimulia alichoota. Mwanawe amejenga. Mwanawe ana ng'ombe. Mama yake amemkaripia kwa kuchelewa. Tulimsikiliza huku tunapima mchaichai, na sisi wawili tukawajua watu wale kama majirani.

Mkristo wa Uvira akitendewa jema halifichi. Kanisani kwao, ghorofani juu ya ghala lililo mtaa wa pili, kuna muda wa ushuhuda kila Jumapili, na Mama Riziki alisimama akasema habari zake zote, pamoja na jina la duka letu na picha ya mwezi. Walirekodi kwa simu. Nadhani kabla ibada haijaisha ilikuwa imeshafika Barking, ng'ambo ya mto, na kurudi. Wiki ile dukani palikuwa na kina mama wenye vilemba mpaka nje. Mzee Harjit alifurahi sana. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusimama mbele za watu akasifu kitu cha duka lake, na sasa huyu hapa. Akaleta tivi ndogo kutoka Southall, akaiweka juu ya vitamini, ushuhuda ukawa unazunguka kutwa nzima, ukiisha unaanza upya. Hakuna kati yetu aliyeona tatizo. Tulidhani sheria inakaa kwenye lebo.

Afisa wa halmashauri alikuja asubuhi ya jua, msichana mpole mwenye mkoba mkubwa, akapanga foleni kama wengine. Akiwa anasubiri akatazama tivi. Sasa, kanisa lile lina mkalimani. Kila sentensi ya Kiswahili mkalimani huirudia kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kuliko ya msemaji, kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku. Kwa hiyo Mama Riziki alisema kwa sauti yake ndogo kwamba matone yamemwondolea ugonjwa wa kutolala, na mkalimani akamtangazia afisa maneno hayohayo kwa Kiingereza safi, mikono hewani. Yule binti aliangalia mpaka mwisho. Kisha akaomba kuonana na mwenye duka.

Aliuliza kama tunamlipa mama huyu. Tukasema hapana, ni mteja. Akauliza kama anasema kweli. Nikajibu kwamba analala kweli kabisa. Akasema, kwa upole uleule, kwamba jambo hilo liwe kweli au lisiwe kweli, duka haliruhusiwi kulisema, na tivi ikisema ndani ya duka, ni duka ndilo linalosema. Mzee Harjit akaizima kwa mkono wake. Tulipewa onyo, na binti akaondoka na chupa chache za kila aina kwenda kuzipima.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini wiki ile ile akaja mama mmoja wa kanisa lile, akanunua chupa ya mwezi, na nilipomuuliza swali langu akanijibu kwa fahari kwamba dawa zake za presha ameziacha tangu aliposikia ushuhuda. Nilimnyang'anya chupa mkononi. Alikasirika sana, nami nilikasirika zaidi, na mwishowe nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwa daktari wake. Njia nzima tulitembea kila mtu na upande wake wa barabara, kama waliogombana kwenye harusi.

Majibu ya vipimo yalipokuja, Mzee Harjit alisoma akiwa amesimama, kisha akaenda kuketi kwenye ngazi. Chupa nyingine zote zilikuwa sawa. Ile ya mwezi haikuwa na CBD hata kidogo. Mafuta ya zeituni na mnanaa, basi. Mtengenezaji alikuwa amewauzia watu picha.

Tulizirudisha chupa zote zilizobaki, tukabandika tangazo mlangoni. Wateja wengi tungeweza kuwaachia hilo tangazo. Mama Riziki hapana. Hapo ndipo mimi na mzee tulipokosana kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mimi nilitaka tumwambie tu kwamba ile aina imekwisha, tumpe nyingine, tumwache alale. Nilimwambia: huyu mwanamke anamwona mwanawe. Sisi ni nani hata tumfungie mlango? Nilisema mengi, na sauti yangu ilipanda.

Yeye hakupandisha yake. "Zuhura, hii chupa imedanganya huyu mama," alisema. "Tukinyamaza, leo itakuwa ni sisi tunamdanganya. Na yeye ataendelea kuambia watu kanisani, na wao wataacha dawa zao."

Nami nilikuwa nimeshamsindikiza mmoja. Nikasema nitamwambia mimi.

Alikuja asubuhi yake ya kawaida, akaketi kwenye kigoda. Kulikuwa na ukungu, dirisha limefunikwa na jasho, mabasi yanapita nje kama vivuli. Alianza kunisimulia ndoto, nikamwomba anisamehe, nikamwambia yote kwa mara moja, kwa kuwa sijui kumwambia mtu jambo baya kwa vipande. Alitoa chupa yake kwenye pochi. Aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akatazama tone likishuka ndani ya kioo. Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia.

"Kama ndani hamuna kitu," aliuliza, "ni nani njo alikuwa ananilalisha?"

Nilimwambia sijui. Ndilo jibu nililofundishwa kumpa kila mteja miaka yote ile, na siku hiyo tu lilikuwa kweli. Aliiacha chupa juu ya kaunta akatoka. Niliingia nyuma kwenye stoo nikasimama katikati ya maboksi mpaka Mzee Harjit aliponiletea chai.

Kama mlivyodhani, hakulala tena. Alipita baada ya siku kadhaa, ule uso wa binti umeondoka. Nilimpa aina nyingine, iliyopimwa, yenye kitu ndani. Akakataa. Alisema akiyaweka chini ya ulimi atakuwa anayachunguza kama yana kitu, na mtu anayechunguza halali. Nikamuuliza kuhusu mwanawe. Akatikisa kichwa. Kisha akanishika mkono juu ya kaunta, kama siku ile ya kwanza, akasema, "Dada, siku ya Mungu ukuye kanisani kwetu. Miye nilidanganya batu. Nataka usikie wakati nitawaambia."

Nilimwambia hakudanganya mtu, alidanganywa. Akasema kwa waliosikia ni mamoja.

Mimi ni mtoto wa madrasa, na makanisa ya London nilikuwa nayajua kwa nje tu, kwa ngoma zake zinazoshuka mpaka barabarani. Jumapili ile nilipanda ngazi za ghala nikaketi viti vya nyuma, vya plastiki, vile vinavyopandana. Ukumbi walikuwa wamekodi kwa zamu. Muda wao ukiisha hupanga viti ukutani na kanisa jingine huingia, la watu wa Afrika Magharibi, nao wana viti vyao. Kulikuwa na joto, mwanga wa kijivu ukishuka kwenye madirisha ya dari, kwaya ikiimba wimbo usio na mwisho. Watoto walikuwa wamelala chini kwenye makoti. Nilihisi niko mbali na kila kitu, na haikuwa hisia mbaya.

Muda wa ushuhuda ulipofika, mmoja alishukuru kwa makaratasi ya uhamiaji, mwingine kwa mjukuu, mwingine kwa kazi ya kuanza Jumatatu. Kila mmoja alipigiwa makofi. Kisha akaenda Mama Riziki. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na mkalimani akasimama kando yake tayari.

"Nilisimama hapa, nikashuhudia kusema nalala," alisema. Mkalimani akatafsiri, watu wakaitikia amina. "Nilisema ni ile mafuta. Ndani ya ile mafuta hamukuwa kitu. Kama kuko mutu aliacha dawa yake ya hospitali juu ya maneno yangu, airudilie leo." Mkalimani akatafsiri, amina zikapungua. "Leo nashuhudia kusema silali. Mutoto wangu simwoni tena. Sina kingine."

Mkalimani alifungua mdomo akaufunga. Nadhani katika miaka yake yote ya kutafsiri hakuwahi kupewa ushuhuda usio na ushindi, na hakujua auinulie mikono yake wapi. Akausema kwa Kiingereza, taratibu, mikono chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alisimama nusu akakaa tena. Niliona aibu kwa ajili ya Mama Riziki, nikawaza kwamba kosa hili lote limeanzia kwenye rafu yangu.

Ndipo mwanamume mmoja wa safu ya mbele, aliyevaa koti la ulinzi, alipoinuka. Hakuwa na kipaza sauti.

"Hata miye silali," alisema, akabaki amesimama.

Akainuka mama mwenye mtoto mgongoni, akasema hivyohivyo. Akainuka yule wa dawa za presha. Kisha wakawa wanainuka huku na huku bila mpango, wasafishaji, watunza wazee, wale wale waliokuwa wakiingia kwangu asubuhi wakitembea ndani ya maji, kila mmoja akisema silali, kwa sauti ya kuelezea hali ya hewa. Mkalimani aliwatafsiri wachache wa kwanza. Kisha akaweka kipaza sauti chake juu ya kiti, akasema kwa Kiswahili, bila kurudia kwa Kiingereza, kwamba hata yeye halali.

Nami nikasimama. Tangu mume wangu afariki sikuwahi kulala usiku mzima, na katika miaka yote ya duka sikuwahi kumwambia mtu, wala kujishushia chupa hata moja kutoka kwenye rafu. Nilisema, nikaona ni sentensi fupi tu.

Mama Riziki alirudi kutoka mbele akapita viti vyote vya marafiki zake, akaja kuketi kando yangu huku nyuma. Mchungaji akaanza kuomba. Kabla hajafika mbali kichwa cha mama yule kiliniangukia begani, kizito, na pumzi yake ikabadilika. Midomo ilikuwa inacheza, kama ya mtu anayemwitikia mwingine aliye chumba cha pili. Aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akaona, akamgusa wa mbele yake, na habari ikapelekwa hivyo kwa mikono mpaka madhabahuni. Mchungaji akashusha sauti. Kwaya ikaimba bila ngoma.

Muda wao ulipokwisha walipanga viti ukutani vyote isipokuwa viwili vyetu. Wale wa kanisa jingine walikuwa wameshajaa mlangoni na makoti yao. Waliingia kwa ncha za vidole, wakaanza kupanga viti vyao wakituzunguka.